Ardhi Ilitikisika, Ukuta Ukaangukia Watu: Mjadala wa Tetemeko la Kagera

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, Mkoa wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9. Kitovu chake kilikuwa upande wa Missenyi, karibu na Nsunga, kilomita 40 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Bukoba. Kwa upande wa Tanzania peke yake walikufa watu zaidi ya 15, mamia wakaumia, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zikahesabiwa kwa maelfu. Mtikisiko ulifika Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa.

Wataalamu huliita tetemeko la ukubwa huo la wastani. Dunia hupata zaidi ya 1,000 ya namna hiyo kila mwaka, na mengi hupita baharini au nyikani bila mtu kujua. Neno "wastani" limekuwa likinikera tangu siku ile, kwa sababu kwa aliyezika mtoto halina maana yoyote. Hata hivyo nimekuja kuamini kwamba tukilielewa neno hilo barabara, tutaacha kulizungumzia tetemeko kama radi iliyotushukia, tukaanza kuulizana maswali yanayotuhusu sisi wenyewe.

Maswali hayo nimeyapa sauti tatu. Watu hawa nimewatunga, ila hoja zao sikuzitunga. Wa kwanza ni Ma, bibi mwenye kibanja chake cha migomba na kahawa. Wahaya humwita hivyo mama mtu mzima kwa heshima. Wa pili ni Fundi, mwashi wa miaka mingi. Wa tatu ni Mtaalamu, binti aliyesomea jiolojia. Wameketi barazani kwa Ma.

MA: Kabla hujaniambia lolote, binti yangu, nijibu hili. Bonde la Ufa tulifundishwa liko kule, Kivu, Tanganyika, Rukwa. Huku kwetu ni ziwa na migomba. Ufa umetufikiaje?

MTAALAMU: Shikamoo, Ma.

MA: Marahaba, mwanangu. Haya, nijibu.

MTAALAMU: Shuleni tulichorewa Bonde la Ufa kwa mistari miwili ya kalamu, mkono wa mashariki na mkono wa magharibi, tukadhani nje ya mistari ardhi imelala. Haikulala. Kati ya mikono hiyo miwili kuna kipande kikubwa cha mwamba wa kale kilicholibeba Ziwa Victoria, nasi hukiita bamba la Victoria. Kinavutwa huku na huku, na polepole kinazunguka kinyume na mishale ya saa. Mwendo wenyewe ni milimita chache kwa mwaka. Ukucha wako unakua kiasi hicho kwa mwezi mmoja au miwili. Lakini mvuto huo haukomi ukingoni mwa Ziwa Edward au Tanganyika. Unasambaa ndani ya mwamba kwa mamia ya kilomita, na popote penye mpasuko wa zamani, hata ule uliotulia kwa mamilioni ya miaka, mzigo unajikusanya. Nsunga iko kilomita 200 hivi mashariki ya bonde lenyewe, na bado imo ndani ya eneo linalovutwa.

FUNDI: Hapo ndipo mnaponipoteza. Mzigo unajikusanyaje kwenye jiwe? Jiwe ama limepasuka ama halijapasuka.

MTAALAMU: Fundi, nondo unazikunja kila siku. Ukiipinda kidogo ukaiachia, inafanyaje?

FUNDI: Inarudi ilivyokuwa.

MTAALAMU: Mwamba nao unapinda. Hatuoni kwa sababu unapinda sentimita chache ndani ya kilomita nyingi, kwa miaka mingi. Pande mbili za mpasuko zinataka kupishana, lakini msuguano umezishika. Kwa hiyo zinapinda zikiwa zimeshikana. Siku mvuto unapouzidi msuguano, zinateleza kwa mkupuo na kunyooka. Aliyeieleza habari hii ni Mmarekani Harry Fielding Reid, baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Kwa tetemeko la 5.9, eneo linaloteleza huwa na upana wa kilomita kama 10, pande hizo hupishana kwa sentimita makumi machache tu, na kazi yote huisha kwa sekunde chache.

MA: Sekunde chache! Mimi niliona kama dakika tano.

MTAALAMU: Kinachodumu ni mawimbi, Ma, yanagongana na kurudi ndani ya ardhi. Ulisikia nini kwanza?

MA: Ngurumo. Nikadhani lori la mizigo linapanda kilima. Kisha ardhi ikaanza kunisukuma ubavuni.

MTAALAMU: Ngurumo ile ndiyo wimbi la kwanza, linalobana na kuachia mwamba, na hukimbia kilomita 6 hivi kwa sekunde. La pili, linaloyumbisha kando, hukimbia kama kilomita tatu na nusu. Kwa mtu aliyekuwa Bukoba, kati ya la kwanza na la pili zilipita sekunde 6 au 7. La pili ndilo linaloangusha kuta.

FUNDI: Mimi sikuuona mpasuko wenyewe. Tumezunguka vijiji vyote tukitengeneza nyumba, hakuna aliyetuonyesha ardhi iliyopishana.

MTAALAMU: Na hutauona. Uko chini kiasi cha kilomita 40. Huko California matetemeko mengi huanzia ndani ya kilomita 15 za juu, kwa kuwa chini ya hapo mwamba ni wa moto na hulainika badala ya kukatika. Mwamba wetu ni mzee na umepoa, kwa hiyo huku chini kabisa bado ni mgumu wa kuvunjika. Tena mwamba wa namna hiyo husafirisha mawimbi mbali. Ndiyo maana tetemeko la wastani lilisikika katika nchi tano.

Hapa niingilie kidogo. Husemwa mara kwa mara kwamba Kagera "haikuzoea" matetemeko. Lugha za jirani zinasema vingine. Ng'ambo ya mpaka, kwa Waganda, tetemeko ni musisi, na Musisi ni jina la watu. Utakutana nalo Kampala kwenye orodha yoyote ya darasa. Watu hawaweki kwenye majina ya watoto wao jambo lisilowahi kuwapata. Na mwezi Machi 1966, huko Toro, magharibi mwa Uganda, tetemeko kubwa kuliko letu liliua watu zaidi ya 100. Kumbukumbu ilikuwepo. Sisi ndio hatukuiingiza katika ramani za nyumba.

MA: Mimi nambari yenu ndiyo hainiingii. Mnasema 5.9, kisha mnasema si kubwa. Kubwa ni lipi?

MTAALAMU: Kila ukipanda nambari moja, mtikiso unaoandikwa na mashine huongezeka mara 10, na nishati inayotoka huongezeka mara 32 hivi. Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la 7.4. Nishati yake ilikuwa zaidi ya mara 100 ya lile la Kagera.

FUNDI: Basi nambari hiyo haisemi lolote kuhusu nyumba yangu.

MTAALAMU: Umesema kweli. Ukubwa ni wa tetemeko, na ni mmoja. Ukali ni wa mahali ulipo wewe. Mpiga ngoma anapiga mara moja. Aliye jirani anaziba masikio, aliye kilima cha pili anasikia kwa mbali. Tena kuna suala la unakokanyaga. Mwamba mgumu hupitisha wimbi haraka, lakini tope na mchanga wa kando ya maji hulipunguza mwendo na kulikuza. Mwaka 1985 kitovu kilikuwa pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 300 kutoka jiji la Mexico, lakini jiji hilo likaangamia kwa kuwa limejengwa juu ya sakafu ya ziwa la kale.

FUNDI: Na huku kwetu kila mtu anataka kiwanja cha bondeni, karibu na barabara na maji.

MA: Nisikilizeni sasa. Maneno yenu ni mazuri, lakini mmenizungusha. Mnajua mawimbi yanakimbia kwa mwendo gani, mnajua mwamba una umri gani, mnajua hadi kilichotokea Mexico. Kwa nini hamkutuambia Ijumaa? Neno moja tu: kesho lala nje.

Swali hilo ndilo zito kuliko yote, na ninaona watu wa sayansi wakilikwepa kwa istilahi. Mtaalamu wangu halikwepi.

MTAALAMU: Kwa sababu hatujui, Ma. Hakuna mtu duniani anayejua. Nikupe mfano wa mahali palipojaribiwa kwa nguvu zote. Kuna kijiji California kinaitwa Parkfield, juu ya mpasuko wa San Andreas. Matetemeko ya wastani, ya ukubwa wa 6 hivi, yalikuwa yametokea hapo mwaka 1857, 1881, 1901, 1922, 1934 na 1966. Wastani wa kila baada ya miaka 22. Wataalamu wakasema linalofuata litakuja karibu na 1988, na kwa vyovyote kabla ya mwisho wa 1993. Wakatega mashine za kila aina wakasubiri. Mwaka 1993 ukapita. Lilikuja Septemba 2004, tena bila dalili yoyote iliyoonekana mapema kwenye mashine zile zote.

FUNDI: Na Wachina? Nimesikia walitabiri.

MTAALAMU: Walitabiri Haicheng, Februari 1975. Kulikuwa na matetemeko madogo mengi kabla yake, watu wakaondolewa majumbani, wengi wakapona. Mwaka uliofuata, Julai 1976, likaja la Tangshan bila onyo. Watu zaidi ya 240,000 wakafa. Dalili zilizowaokoa watu wa mji mmoja hazikuonekana kwenye mji mwingine.

MA: Kwa hiyo mnachotuletea ni majibu ya baada ya msiba.

MTAALAMU: Tunaweza kusema wapi panaweza kutikisika, kwa nguvu kiasi gani, na baada ya tetemeko kubwa yatafuata madogo yanayopungua siku hadi siku. Mjapani Fusakichi Omori aligundua kanuni hiyo ya kupungua mwaka 1894, na bado inafanya kazi. Lakini siku na saa, hapana. Na anayekuja kijijini akikwambia tarehe, Ma, mfukuze.

MA: Na anayeniambia nisiogope?

MTAALAMU: Huyo naye usimwamini. Italia, mjini L'Aquila, mwaka 2009, ardhi ilikuwa ikitikisika kidogo kidogo kwa miezi. Wataalamu wakaitwa kikaoni, na wananchi wakaambiwa watulie. Siku sita baadaye, tarehe 6 Aprili, likaja tetemeko la 6.3 usiku. Walikufa watu 309. Wataalamu sita na ofisa mmoja walihukumiwa kifungo. Wale sita wakaja kufutiwa hatia mwaka 2014. Mimi huwa naikumbuka kesi ile kila ninapoombwa niwatulize watu. Hatuna haki ya kutisha kwa tarehe, wala hatuna haki ya kubembeleza.

FUNDI: Mimi naona mnapoteza muda na tarehe. Hata mngetuambia Ijumaa, nyumba zingeanguka Jumamosi vilevile. Tungepona watu, sawa, lakini tungerudi kwenye vifusi. Na mwakani mngetuambia tena?

MTAALAMU: Endelea, Fundi. Hapa wewe ndiye mtaalamu.

FUNDI: Nilichokiona ni hiki. Nyumba nyingi zilizoanguka zina tofali za kuchoma au za udongo mbichi, zimejengwa kwa udongo badala ya saruji. Kona haijashikana: ukuta wa huku na ukuta wa huku vimesogeleana tu, havijafungamana. Lenta hakuna, au iko juu ya mlango na dirisha peke yake, haizunguki nyumba. Juu kabisa, ile pembetatu ya tofali chini ya paa imesimama bila kushikwa na kitu. Ardhi ikisukuma kando, kila ukuta unakwenda kivyake. Ule wa urefu unayumba nje, unarudi, unayumba tena, unaanguka. Paa la bati ni jepesi, mara nyingi halina kosa. Kinachoua ni tofali.

MTAALAMU: Tofali ni hodari kubebeshwa mzigo wa kutoka juu. Ukilivuta au ukalisukuma ubavuni, halina nguvu. Nyumba zile zilijengwa kubeba uzito wake tu, hakuna aliyezijengea kusukumwa.

MA: Basi mngetuacha na misonge yetu. Mimi nimezaliwa ndani ya msonge. Fito, kamba za migomba, nyasi. Ungetikisika siku nzima.

FUNDI: Kwa heshima, Ma, hapo sikubaliani nawe. Kutikisika msonge ungetikisika usianguke, na hata ungeanguka ungeangukiwa na nyasi. Lakini nyasi zinaungua, mchwa wanakula fito, na kila baada ya miaka michache unaezeka upya. Watu hawakuuacha kwa ujinga. Waliuacha kwa sababu tofali ni heshima, linadumu, na mwanao akirudi kutoka mjini ana pa kulala. Tusiwarudishe watu nyuma. Tulifunge tofali.

MA: Kwa pesa ya nani?

FUNDI: Hapo ndipo penye ugomvi wetu wote. Mteja anakuja na pesa ya tofali. Tofali anafyatua mwenyewe, kuni za kuchomea anazo. Nondo na saruji lazima anunue. Nikimwambia lenta izunguke nyumba nzima, nondo nne na ringi zake, ananiuliza: itaonekana? Haionekani. Plasta inaonekana, rangi inaonekana, vigae vinaonekana. Anapunguza kisichoonekana. Nami nina watoto. Nikikataa kazi, anamwita mwingine.

Nilipoandika maneno hayo ya Fundi nilisita, kwa maana yanaweza kusomeka kama lawama kwa maskini. Siyo. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu Muleba au Kyerwa hajawahi kupewa mchoro wa nyumba salama wenye bei anayoimudu, wala fundi wake hajafundishwa kwa vitendo namna ya kufunga kona. Mzigo huu hauwezi kuwa wake peke yake.

MTAALAMU: Kuna njia za gharama ndogo. Mkanda wa mbao uliofungwa vizuri kwenye kona, pasipo na nondo. Madirisha yasiyobanana na kona. Kuta fupi zinazokatizwa na kuta za ndani. Na pembetatu ile ya juu iwe ya mbao au bati, isiwe ya tofali. Haya hayazuii nyufa. Yanazuia ukuta usimwangukie mtu kabla hajatoka.

FUNDI: Hilo la mbao nimelifanya mara mbili. Linataka fundi mwenye subira.

MA: Lakini binti, mnatulinganisha na watu gani? Huko Parkfield mnakosema walikufa wangapi?

MTAALAMU: Hakuna aliyekufa. Ila nisikudanganye, Parkfield kuna watu wachache sana, hawajazi hata daladala moja. Mfano huo si wa haki. Chukua mwingine. Agosti 2011, jimbo la Virginia, Marekani, tetemeko la 5.8. Mwamba wa kale kama wetu, mtikisiko ukasikika katika majimbo mengi yenye mamilioni ya watu. Mnara wa Washington ulipasuka ukafungwa karibu miaka mitatu. Hakufa mtu. Kisha chukua Februari 2008, mpakani mwa Congo na Rwanda, Bukavu na Rusizi. 5.9, sawasawa na letu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, watu wako kanisani. Walikufa zaidi ya 30.

MA: Jumapili, kanisani. Na kwetu Jumamosi alasiri, wengi tuko kibanjani. Ingekuwa Jumanne saa 4 asubuhi...

Ma hakumalizia, nami sitammalizia. Ila yeyote aliyeziona picha za Ihungo na Nyakato baada ya tetemeko anajua sentensi ile ilikuwa inaelekea wapi. Madarasa ya mchana siku hiyo hayakuwa na watoto kwa sababu ya kalenda tu.

Hukumu yangu baada ya kuwasikiliza ni hii: Ma ana haki ya kudai onyo, lakini onyo analolidai halipo, na pesa na imani tutakazozitumia kulisubiri tutazichota kutoka kwenye lenta. Mtaalamu ana deni la kuzungumza na mafundi zaidi kuliko anavyozungumza na wataalamu wenzake. Mashine kama za kituo cha Mbarara, Uganda, zinapima kila mtikiso unaopita huku, na matokeo yake hayana budi kufika kwenye vyuo vya ufundi na ofisi za halmashauri zinazopitisha ramani za nyumba. Fundi naye nampa uzito mkubwa kuliko wote. Yeye ndiye wa mwisho kugusa ukuta kabla haujapigwa plasta.

Ndugu msomaji wa Bukoba, Karagwe, Kigoma, Mbeya, Bukavu au Fort Portal, ukimwona jirani anapandisha nyumba wiki hii, simama umwulize swali moja kabla hajafika kwenye paa: lenta yake inazunguka kuta zote, au imeishia juu ya mlango? Kama imeishia mlangoni, bado ana nafasi ya kuiongeza.